Kilomita Arobaini na Mbili na Shuka Lililolowa

Kwanza nimwombe msamaha binti yangu Nashipae. Mwaka ule alikuwa na miaka mitano, na watu wote wa plot tuliyopanga vyumba hapa Kitengela waliamini kwamba anakojoa kitandani. Kila asubuhi shuka lilikuwa kwenye kamba likichuruzika maji, na majirani wakipita walimcheka: "Nashi, bado tu?" Alikuwa akilia na kukataa. Mimi mama yake, mwalimu ninayefunza watoto wa watu kusema kweli, nilinyamaza. Shuka lilikuwa langu. Nilikuwa naamka nimelowa kutoka shingoni mpaka magotini, na sikujua ni kwa nini.

Naandika haya sasa kwa sababu mwezi uliopita mwalimu mwenzangu kijana aliniambia anatokwa jasho akilala, viungo vinamuuma, na kliniki tatu zimempa dawa za malaria. Nilimkalisha chini nikamweleza yangu yote, na akaniambia, "Madam, mbona hukuandika hii kitu?" Basi naandika. Mimi si daktari. Hata nilipoelezwa vidudu vya ugonjwa wenyewe vinafanya nini ndani ya mwili sikushika. Ninachokijua vizuri ni jinsi nilivyochanganyikiwa, na hicho ndicho nitakachokueleza.

Ilianza na mbio. Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja, na nilikuwa nimewaambia darasa la saba kwamba kabla mwaka haujaisha nitakimbia marathon. Sijui nini kilinituma. Nilipokuwa msichana kule kwetu, nje kidogo ya Kajiado, nilikuwa nakimbia kwenda shule na kurudi, na mara moja nilichaguliwa kukimbilia wilaya, lakini baba akasema msichana haendi kulala kwa watu. Nadhani kile kitu kilikaa tumboni mwangu miaka yote hiyo. Watoto waliandika ubaoni, pembeni, "Mwalimu Naserian, kilomita 42," na wakakataa neno hilo lifutwe. Mwalimu akiahidi darasa la saba, ameahidi dunia.

Mbio zenyewe zilikuwa huko juu penye baridi, mahali ambapo hata kufunga kamba za viatu kunakukata pumzi. Kwa hiyo nikajiunga na kikundi cha Sajenti. Sajenti alikuwa mwanajeshi mstaafu aliyejenga nyumba huko Matasia, mfupi, mwenye filimbi shingoni, na kila Jumamosi alitupandisha milima ya Ngong mpaka tukaona nyota mchana. Siku za wiki nilikimbia peke yangu alfajiri, kwenye ile barabara ya vumbi inayotoka Kitengela kwenda upande wa mbuga.

Mwezi wa kwanza niliruka kama swara. Wa pili, mvua ndefu zilipoanza, miguu ikawa mizito. Magoti yakauma, kisha kiuno, kisha kidole cha mkono ambacho sijawahi kukitumia kukimbia. Nilimwambia Sajenti.

"Hiyo ni hewa ya juu, mwalimu," akasema. "Mwili inabisha. Usiionee huruma."

"Na jasho, afande? Natoka jasho nikiwa nimelala."

"Hiyo ni mafuta inatoka. Kunywa maziwa, ujenge damu."

Basi kila kitu kikawa hewa ya juu. Nikikosa hamu ya chakula, hewa. Nikipandwa na hasira darasani, hewa. Na maziwa nilikuwa nayo, tena ya kwetu. Kila Alhamisi mama yangu, Yeyo kama tunavyomwita mama kwa Kimaasai, alinitumia galoni ya maziwa ya mgando kwa pikapu ya wachuuzi wa mbuzi. Maziwa ya kibuyu, yale yenye harufu ya moshi. Kwetu maziwa hayachemshwi. Kibuyu kinasuguliwa ndani kwa kijinga cha moto cha mti wa oloirien, na moshi huo ndio tunaoamini unasafisha. Kuchemsha ni kuua maziwa, na wazee wengine wanasema ni kumwumiza ng'ombe mwenyewe. Mume wangu na mtoto hawakuyapenda, walitaka ya pakiti. Kwa hiyo niliyanywa yote mimi. Nilipozidi kudhoofika nilimpigia Yeyo kwa simu ya duka la Kajiado, nikamwambia nimekonda. Akaanza kutuma galoni mbili.

Kliniki ya kwanza ilikuwa chumba kimoja chenye ukuta wa kijani nusu na nyeupe nusu. Walikupa kipande cha katoni chenye namba, ukakaa. Nilijifunza pale kwamba wagonjwa hawaangaliani usoni, wanaangaliana viatu. Damu yangu ikatolewa, nikaambiwa ni malaria. Nikameza dawa, nikapata nafuu wiki moja, nikarudi milimani nikimshukuru Mungu. Homa ikarudi. Kliniki ya pili ikasema malaria na typhoid. Nikameza zile za siku kumi na nne, homa ikashuka, ikarudi. Ya tatu ikasema ni mishipa, nipunguze kukimbia, halafu ikanipa dawa ya malaria ili nisiondoke mikono mitupu.

Ndiyo shida ya ugonjwa huu, na nakuomba uishike hii hata ukisahau mengine. Unaondoka halafu unarudi. Siku tano unaumwa, siku nne mzima, hata unajishuku mwenyewe. Kuna asubuhi nilizokimbia kilomita kumi na tano nikicheka peke yangu. Kesho yake nikishindwa kuinua chaki. Nilianza kufikiri labda mimi ni mvivu tu, nimeogopa mbio nilizojiahidi, na mwili unanitafutia sababu.

Kufikia baridi ya Julai sketi zangu zilikuwa zinashikwa na pini. Na hapo ndipo watu walipoanza kujua ugonjwa wangu kabla yangu. Mwanamke aliyekonda, homa zisizoisha. Miaka ile jibu lilikuwa moja tu. Pale ofisini walimu wenzangu walinyamaza nikiingia, na nikamsikia mmoja akisema nyuma ya mlango kwamba Naserian amekanyaga waya. Kikombe changu kikawa hakiguswi na mtu. Sikukasirika. Niliogopa, maana hata mimi nilikuwa nimeshafikiri hivyo.

Mume wangu Mutua alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha saruji, mtu wa maneno machache, mwenye vumbi jeupe masikioni hata siku ya harusi. Alihamia kulala kwenye kiti cha sebuleni. Alisema ni kwa sababu ya shuka kulowa. Nilimwangalia nikifikiri, ni wewe uliyeniletea? Na nilijua naye ananiangalia akifikiri hivyo hivyo. Wiki tatu tuliishi tukipitishiana chumvi bila neno.

Mwishowe ni yeye aliyesema. "Twende tupimwe. Wote wawili. Siwezi kuendelea hivi."

Tulikwenda. Nakumbuka chumba kidogo chenye viti vitatu, na kaunsela, dada mpole, akitueleza mambo mengi ambayo hakuna tulilolisikia. Halafu akatuonyesha majibu. Hatukuwa na virusi. Tulitoka nje tukanunua soda, tukasimama juani. Mutua alicheka, kisha akageuka upande wa ukuta, nikaona mabega yanatikisika.

"Sasa wewe unaumwa nini?" akaniuliza alipogeuka.

"Sijui."

"Ni nini, Naserian?"

"Mutua, nakwambia sijui!"

Tulikuwa na furaha na hofu mpya kwa wakati mmoja. Ule ugonjwa mkubwa angalau ungekuwa na jina. Lakini asubuhi ya pili yake nilitoka nje nikamkuta Mutua amechuchumaa kwenye bomba, mbele ya plot nzima, anafua lile shuka. Wanaume waliokuwa wakienda kazini walimpigia kelele. Hakuinua kichwa. Ikiwa utaniuliza ni dawa gani iliyonishika mkono mwaka ule, nitakwambia ni ile.

Mwezi wa Septemba Sajenti alinikuta nimekaa kwenye jiwe, chini kabisa ya mlima wa kwanza. Wengine walikuwa wamepotea juu. Akapiga filimbi, akasita, akaja akakaa kando yangu.

"Mwalimu, mimi nimefundisha watu wengi," akasema. "Hii si hewa."

Hakujua ni nini. Lakini alinirudisha nyumbani, na nilimshukuru kwa kukubali kwamba hajui. Watu wachache sana walikuwa wamenipa ukweli huo.

Aliyejua alikuwa jirani. Mama Halima alitoka Garissa, akiuza nguo kwenye duka la mbele ya plot, na mume wake alikuwa mchuuzi wa ng'ombe anayezunguka masoko ya Kajiado. Asubuhi moja, siku ambayo sikwenda shule, nilikuwa naanika. Nilianika shuka, kisha nikaanika mto, maana nao ulikuwa umelowa. Mama Halima alisimama na beseni lake, akautazama ule mto.

"Mwalimu, huyu mtoto unamsingizia," akasema.

"Vipi?"

"Mtoto hakojoi juu kwa kichwa. Mimi nimezaa saba. Ni wewe, siyo?"

Nililia pale pale kwenye kamba. Akaweka beseni chini, akanishika bega, akaanza kuniuliza maswali ambayo hakuna kliniki iliyoniuliza. Homa inaenda na kurudi? Mgongo? Viungo vinahama, leo huku kesho kule? Kisha akauliza moja lililonishangaza kabisa.

"Ng'ombe ya mamako, zinatupa mimba?"

Mwaka wa nyuma, ukame ule wa mwaka elfu mbili ulikuwa umemmalizia Yeyo ng'ombe karibu wote. Mvua iliporudi alinunua wanne sokoni, wageni, hakuna aliyejua boma walilotoka. Likizo ya Pasaka nilimkuta mmoja anahangaika. Ndama alitoka amekufa kabla ya wakati wake, na mimi ndiye niliyevuta, mikono mitupu, kisha nikanawa na maji kidogo nikanywa maziwa. Baada ya hapo mwingine naye alitupa. Yeyo alisema ni jicho la watu.

"Wallahi, hii si ya mbu," Mama Halima akasema. "Hii ni ya maziwa. Ndugu yangu alilala mwaka mzima, tukafikiri ni majini. Enda hospitali kubwa, uwaambie wakupime ya ng'ombe. Hivyo tu. Ya ng'ombe."

Nilikwenda Kajiado Jumatatu. Benchi la pale lilikuwa refu, lililong'aa kwa kukaliwa, na nilikaa kati ya mzee mwenye fimbo na mama aliyekuwa akinyonyesha. Niliogopa kwamba daktari atanicheka. Hakunicheka. Aliandika, kisha akauliza bila kuinua macho, "Unakunywa maziwa bila kuchemsha?"

"Mimi ni Mmaasai," nikasema, kama kwamba hilo ni jibu.

"Mimi pia," akasema.

Majibu yalitoka mchana. Ilikuwa ni homa ya maziwa, brusela. Sindano ishirini na moja, moja kila siku, na vidonge vya wiki sita. Nilifurahi kama mtu aliyepata kazi. Furaha iliisha kwenye sindano ya nne. Kufikia ya saba nilikuwa nakaa upande mmoja kwenye kiti darasani, na darasa la saba, wakiwa watoto, wakawa nao wanakaa upande mmoja. Siku ya mbio ilinikuta kwenye sindano ya tisa. Nilikuwa kwenye foleni ya kliniki, nimeshika katoni yangu ya namba. Saa ambayo wenzangu walikuwa wakipanda mlima, mimi nilikuwa nikiangalia viatu vya watu. Niliporudi shule lile neno la ubaoni lilikuwa limefutwa. Sikuuliza ni nani.

Kazi ngumu ilikuwa bado. Ilibidi nimwambie Yeyo.

Nilimkuta nyumbani anasafisha kibuyu. Niliinamisha kichwa anishike, ndiyo salamu yetu kwa wazazi, nikazunguka maneno kama kuku anayetafuta pa kutagia, mwishowe nikasema. Maziwa ndiyo yaliyoniumiza. Lazima yachemshwe.

Aliweka kibuyu chini. "Nilikulea na nini?" akauliza. "Maji? Ndugu zako wanne nililea na nini? Hiyo hospitali imekuambia mimi nakuua?"

"Yeyo, si wewe. Ni hawa ng'ombe wageni."

"Ng'ombe ni yangu. Maziwa ni yangu. Basi ni mimi."

Alhamisi iliyofuata pikapu ilipita bila galoni. Na iliyofuata. Nilikuwa napona, na nilikuwa nimempoteza mama yangu, na sikujua kama biashara hiyo ina faida. Kuna wakati nilitamani ningeendelea kuyanywa tu nikanyamaza.

Shule zilipofungwa Desemba nilimchukua Nashi tukaenda bila kualikwa. Yeyo hakutufukuza, lakini alizungumza na mtoto tu. Tulilala kitanda kimoja, mtoto katikati. Asubuhi aliamka kwa shida, akishika ukuta, kiuno kimepinda kama kawaida yake ya mwaka huo. Tulikuwa tumezoea kusema ni uzee. Alipotoka kukamua nilianza kutandika. Nikaweka mkono upande wake wa shuka. Ulizama kwenye maji.

Nilikaa pale kitandani nikajiona mjinga. Miezi yote hiyo nilikuwa nimehesabu jasho langu mwenyewe, na sikuwahi kuuliza mtu anayenitumia maziwa anakunywa nini.

Aliporudi nilimwonyesha. "Yeyo, hii shuka imelowa."

"Ni uzee."

"Mimi si mzee, na yangu ilikuwa hivi hivi. Shika."

Hakutaka kushika. Nashi ndiye aliyeshika, akasema kwa sauti ya kesi iliyoisha, "Hata mimi si mimi nilikuwa nakojoa. Ni mama." Yeyo akamtazama, akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya kibuyu akacheka, mpaka akashika mgongo kwa maumivu. Kisha akakaa kitandani polepole.

"Ile sindano," akasema, "inauma sana?"

"Sana."

"Sawa."

Alipigwa zote ishirini na moja, akigombana na kila nesi. Wale ng'ombe wawili waliotupa mimba mganga wa mifugo alisema waondolewe, na Yeyo alilia siku walipoondoka kuliko alivyolia kwenye mazishi ya baba. Sufuria ya kuchemshia alinunua mwenyewe. Hakuniambia. Niliiona tu jikoni, mpya, chini yake imeshakuwa nyeusi.

Nilianza kukimbia tena mvua ndefu zilipokwisha, dakika kumi, kisha ishirini. Sajenti hakutaja hewa. Darasa la saba lilikuwa jipya, na safari hii sikuahidi kitu. Lakini mvua fupi za mwaka huo zilipofika nilijikuta huko juu, kwenye baridi, na namba kifuani, katikati ya watu waliokuwa wakirukaruka kupasha miguu.

Nataka nikueleze kilomita ya thelathini. Mpaka hapo nilikuwa mzima. Halafu magoti yakauma, kiuno kikafuata, jasho likawa la baridi na meno yakaanza kugongana. Niliyafahamu yote. Yalikuwa yale yale, kwa mpangilio ule ule. Nikasimama katikati ya barabara nikisema kwa sauti, "Imerudi." Daktari alikuwa ameniambia inaweza kurudi, na kwamba nitajua. Sasa nilikuwa nimesimama pale na sikujua. Je, huu ni ugonjwa, au ndivyo kila mtu anavyojisikia kwenye kilomita ya thelathini? Sikuwa nimewahi kufika huko. Sikuwa na cha kulinganisha.

Nyuma yangu lilikuwa linakuja lori la kuokota walioshindwa, polepole. Dereva akatoa kichwa. "Mama, panda!"

Niliweka mkono kwenye ubao wa lori. Nakwambia ukweli, niliuweka. Kisha nikaona waliokaa mle ndani, wamejifunga blanketi, wanaangaliana viatu. Nikautoa mkono. Haukuwa ushujaa. Nilikuwa nimechoka tu kukaa kwenye lile benchi.

Kilomita zilizobaki nyingine nilikimbia, nyingine nilitembea, moja sijui niliifanyaje. Nilipofika walikuwa wanakunja bendera. Mutua tu ndiye aliyebaki kwenye kamba ya kumalizia, amembeba Nashi mabegani, na vumbi lake masikioni. Yeyo alikuwa ametusubiri Kitengela, alikuja kukaa nasi wiki hiyo. Sikumwambia lolote kuhusu kilomita ya thelathini. Nilikula kidogo, nikalala nikiogopa.

Asubuhi niliamshwa na mkono. Yeyo alikuwa ameinama kando ya kitanda anapapasa shuka, kuanzia kwenye mto mpaka miguuni, polepole, kama anavyopapasa tumbo la ng'ombe mwenye mimba. Alirudia mara ya pili. Kisha akanyooka, mgongo ukanyooka wote.

"Ni kavu," akasema. "Amka unywe chai. Na maziwa nimechemsha mara mbili."

Nilijaribu kuinuka nikashindwa. Miguu ilikataa kabisa, na safari hii nilijua ni kwa nini.